Teknolojia Haijiumbi Yenyewe: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kifaa bora ndicho kinachoshinda.

Bora kwa nani? Swali hili ndilo husahaulika. Baiskeli ya miaka ya 1870 ilikuwa na gurudumu dogo nyuma na kubwa mbele, mengine yakifikia kipenyo cha mita 1.5. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya mbele, hivyo mzunguko mmoja wa miguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Aliyetaka kasi alihitaji gurudumu kubwa zaidi, mpaka urefu wa miguu yake umzuie. Na kwa kuwa alikaa karibu juu ya ekseli hiyo, jiwe dogo tu njiani liliweza kumrusha kichwa mbele.

Vijana wenye fedha na nguvu waliona hatari hiyo ni sehemu ya raha. Kwa wanawake waliovaa sketi ndefu na kwa wazee, chombo kilekile kilikuwa hakipandiki. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa Rover, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma, na hapo haja ya gurudumu kubwa ikaisha. Tairi ya upepo ya John Boyd Dunlop, ya mwaka 1888, ilikusudiwa kupunguza mtikisiko. Wanamichezo waliicheka, maana mtikisiko haukuwa tatizo lao. Mwezi Mei 1889 Willie Hume alishinda mbio mjini Belfast akiwa na tairi hizo, na waliocheka wakaanza kuzitaka. Tairi haikubadilika, kilichobadilika ni kazi ambayo watu waliiona ndani yake.

Dhana: Mvumbuzi ndiye anayeamua matumizi.

Mwaka 1878 Thomas Edison aliorodhesha kazi za mashine yake ya kurekodi sauti, na ya kwanza ilikuwa kuandikisha barua bila karani. Wanunuzi walitaka muziki, na biashara ikawafuata.

Dhana: Wanaovunja mashine wanaogopa maendeleo.

Waludi, mafundi wa kufuma nguo wa Uingereza walioanza kuvunja mitambo mwaka 1811, ndio hutolewa mfano kila mara. Lakini mtambo wa kufuma soksi ulikuwepo tangu mwaka 1589, na wengi wao waliutumia kila siku. Wafumaji wa soksi walichagua cha kuvunja: walilenga mitambo ya mabwana waliokata ujira au waliotoa soksi hafifu za kukatwa na kushonwa kutoka kitambaa kipana. Ulikuwa ugomvi juu ya masharti ya kazi, na Bunge lilijibu mwaka 1812 kwa kuweka adhabu ya kifo.

Dhana: Kipimo hakina upendeleo.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hupitisha mwanga mwekundu (takriban nanomita 660) na wa infraredi (takriban 940), kisha hulinganisha kiasi kilichofyonzwa. Uwiano huo hugeuzwa kuwa asilimia kwa jedwali lililotokana na watu wa kujitolea, waliovutishwa hewa yenye oksijeni kidogo huku damu yao ya ateri ikipimwa. Basi uliza walikuwa nani. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kuhusu majaribio ya vifaa hivi ulitaka watu 10 au zaidi, na wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2 au asilimia 15. Utafiti wa huko uliotolewa mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea asilimia 92 hadi 96. Damu yao ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi vilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, 3.6. Kwa hiyo mgonjwa anayehema kwa shida asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kifaa kinaonyesha namba nzuri. Apimwe damu.

Dhana: Viwango vya kiufundi ni hesabu tupu.

Ujumbe mfupi wa simu una baiti 140, yaani biti 1,120 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1). Kikomo hicho kilitokana na nafasi ndogo katika njia ya ishara za mtandao. Hapo hesabu ilitawala kweli. Alfabeti ya kuingia humo ilichaguliwa na watu. GSM, mfumo wa simu za mkononi, ulizaliwa Ulaya, na jedwali lake la biti 7 kwa herufi lina å, ñ na hata herufi kubwa za Kigiriki. Anayeandika kwa jedwali hilo hupata herufi 160. Anayeandika Kiamhari au Kichina hutumia biti 16 kwa herufi, hivyo hupata 70.

Hata Kiswahili hunaswa. Ukinakili “ng’ombe” kutoka programu inayopinda alama ya ng’, alama hiyo haimo kwenye jedwali, na ujumbe mzima huhamia biti 16. Ujumbe mrefu hukatwa vipande vya herufi 67, kwa kuwa baiti kadhaa hutumika kuviunganisha. Ujumbe wa herufi 150, ambao ungekwenda kama mmoja, unakuwa vipande vitatu, na anayetuma kwa wingi hutozwa kwa kila kipande. Mitambo mingine hurekebisha alama hiyo yenyewe, mingine haifanyi hivyo. Andika ng' kwa alama iliyonyooka kabla ya kutuma.