Chumvi na oili chafu haziozeshi kisiki

Wengi vijijini huamini kwamba ukitoboa kisiki cha mkaratusi na kumimina chumvi au oili chafu, kitakufa na kuoza haraka.

Kinachoozesha mti ni kuvu, nao huhitaji unyevu na hewa. Chumvi nyingi na oili huwazuia. Zaidi ya hapo, mvua huisukuma chumvi hadi kwenye mizizi ya migomba na mahindi ya jirani, na oili hubaki udongoni muda mrefu. Hasara hiyo shamba halistahili.

Mkaratusi huchipua tena kwa sababu una macho ya kuchipua yaliyolala chini ya gamba. Msindano (paina) kwa kawaida hauchipui. Kwa hiyo kwenye kisiki cha mkaratusi ng'oa machipukizi kila yatokeapo, mpaka akiba ya chakula mizizini iishe. Kisha funika kisiki kwa udongo na samadi yenye unyevu. Mwenye haraka achimbe, akate mizizi ya pembeni kwanza.

Kujua kama kiko hai, kwangua gamba kwa kisu: chini yake pakiwa pabichi, kazi bado. Ukitaka kujionea tofauti, jaribu visiki viwili, kimoja kwa chumvi, kingine kwa samadi, mbali na mazao.