Wabunge wa London waliotuamulia mambo: yanayosemwa na yaliyokuwa, 1945–1959

Bunge likichafuka Dodoma au Nairobi, wabunge wakizomeana na kutupiana vijembe, hakosekani mtu wa kusema: "Haya mambo Waingereza hawakuwa nayo." Picha aliyonayo kichwani ni ya ukumbi wa viti vya kijani, mabwana wenye mali zao, kila mmoja akisema kwa dhamiri yake, na taifa zima likiwachagua kwa kura moja moja. Bunge la Makabwela (House of Commons) analolitaja ni lile lililokuwa na neno la mwisho juu ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kati ya vita kuu ya pili na uhuru. Picha hiyo ina makosa karibu kila kona, na baadhi ya makosa hayo yanatuhusu sisi moja kwa moja.

"Walikaa kwenye ule ukumbi wa kijani"

Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 ndege za Ujerumani ziliuteketeza ukumbi wa makabwela. Wabunge wakahamia ukumbi wa malodi, yaani wajumbe wa bunge la juu, wenye viti vyekundu, na malodi wenyewe wakasogea kwenye chumba kingine cha jengo lilelile. Ukumbi mpya ulifunguliwa tarehe 26 Oktoba 1950. Kwa hiyo wabunge waliopitisha sheria ya huduma ya afya ya taifa mwaka 1946, na waliojadili uhuru wa India mwaka 1947, walifanya yote hayo wakiwa wapangaji katika nyumba ya malodi.

Wengi pia hudhani kila mbunge alikuwa na kiti chake. Ukumbi uliojengwa upya una nafasi 427 tu, na wabunge mwaka 1950 walikuwa 625. Hilo halikuwa kosa la fundi. Mwaka 1943 waziri mkuu Churchill aliliambia Bunge kwamba ukumbi mkubwa ungeonekana mtupu siku nyingi na kuua mjadala, na kwamba siku za mambo mazito msongamano wenyewe ungewafanya watu wahisi uzito. Wabunge wakamkubalia. Anayechelewa husimama mlangoni.

"Walikuwa matajiri, ubunge ulikuwa neema"

Matajiri walikuwepo, hasa upande wa Conservative. Lakini uchaguzi wa 1945 ulikipa chama cha Labour viti 393 kati ya 640, na humo walikuwamo wachimba makaa ya mawe, makarani wa reli, walimu na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mshahara ulikuwa pauni 600 kwa mwaka, ukapandishwa hadi pauni 1,000 mwaka 1946. Ndani ya fedha hizo mbunge alitakiwa apange chumba London, atunze familia nyumbani na amlipe katibu muhtasi kama alimtaka. Posho ya katibu haikuwepo mpaka mwaka 1969. Nauli ya treni kwenda jimboni ililipwa na serikali, na hiyo wengi waliiona ahueni kubwa.

Ofisi ndiyo usiseme. Mbunge wa kawaida alipewa kabati dogo la kufungia vitu vyake. Barua za wapiga kura alizijibu maktaba, au kwenye benchi ukumbini huku amepakata makaratasi. Mtu akikusimulia fahari ya ubunge wa Uingereza wa enzi hizo, muulize barua ziliandikiwa wapi.

"Mtu mmoja, kura moja, tangu zamani"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa sababu ya matumizi yake huku kwetu. Miaka ya 1950 maofisa wa kikoloni walituambia kwamba demokrasia ni kitu cha kukomaa polepole, kana kwamba wao waliimaliza karne nyingi nyuma.

Ukweli ni kwamba mpaka uchaguzi wa 1945 Uingereza yenyewe ilikuwa na watu wenye kura mbili. Mhitimu wa chuo kikuu alipiga kura anakoishi, kisha akapiga tena kuchagua mbunge wa chuo chake. Viti vya vyuo vikuu vilikuwa 12: Oxford viwili, Cambridge viwili, London kimoja, na vingine vya vyuo vilivyounganishwa vya Uingereza na Scotland, pamoja na Wales na Belfast. Mwenye jengo la biashara katika jimbo jingine naye aliweza kupata kura ya pili kwa ajili ya jengo hilo. Mambo haya yalifutwa na sheria ya mwaka 1948, na uchaguzi mkuu wa kwanza bila kura hizo ulikuwa wa Februari 1950.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mtu mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu kutegemea elimu yake, kipato chake, mali yake au utumishi wake. Mfano wa kura za ziada uliokuwa umezikwa London ulifufuliwa Nairobi chini ya miaka kumi baadaye. Tanganyika ilipata mtindo wake, ile "kura tatu" ya 1958 na 1959: kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Na kupiga kura kwenyewe kulihitaji elimu au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikaribia kupasuka juu ya swali la kushiriki au kususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na wagombea waliounga mkono TANU wakashinda. Lakini mtu asije akasema mfumo ule ulitokana na uzoefu mrefu wa Waingereza wa kura moja kwa mtu mmoja. Uzoefu huo ulikuwa na umri wa miaka minane.

"Waingereza walimpigia Churchill kura ya kumkataa"

Wapiga kura wa Uingereza hawamchagui waziri mkuu; wanachagua mbunge wa jimbo. Churchill mwenyewe alishinda jimboni kwake Woodford mwaka 1945. Labour na Liberal hawakusimamisha mtu dhidi yake, kwa heshima ya kiongozi wa vita, ila mgombea binafsi asiyejulikana alijitokeza na kuokota kura zaidi ya 10,000. Kilichoshindwa ni chama chake, nchi nzima.

Alirudi madarakani Oktoba 1951, na hapo kuna jambo linalosahaulika zaidi: Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative, takriban milioni 13.9 dhidi ya milioni 13.7, ikashindwa kwa viti, 295 kwa 321. Kura za Labour zilirundikana kwenye majimbo ya viwanda ambako tayari ilikuwa inashinda kwa mbali. Tukilalamika kwamba idadi ya viti hailingani na kura, tunalalamikia urithi.

"Enzi zile mbunge alipiga kura kwa dhamiri"

Kinyume chake kabisa. Miaka ya 1950 ndiyo ilikuwa kilele cha nidhamu ya chama. Palikuwa na vikao viwili vizima vya mwaka ambapo hakuna hata mbunge mmoja wa Conservative aliyepiga kura kinyume na mnadhimu wake, yaani msimamizi wa nidhamu ya chama bungeni. Uasi wa wabunge dhidi ya vyama vyao, unaoonekana kama jambo la kisasa la utovu wa adabu, uliongezeka baadaye.

Mnadhimu wa wakati huo alikuwa mtu wa kuogopwa. Baada ya uchaguzi wa 1950 Labour ilibaki na wingi wa viti vitano tu, hivyo kura ya mtu mmoja mgonjwa ilikuwa na thamani ya serikali. Bunge hupiga kura kwa miguu: Ndiyo wanapita ushoroba wa kulia wa Spika, Hapana wa kushoto, na wanahesabiwa wakitoka. Mgonjwa asiyeweza kutembea aliletwa kwa gari la wagonjwa hadi kwenye uwanja wa Bunge, wanadhimu wakahakikisha yumo na yu hai, akahesabiwa humohumo garini. Upinzani ulijua hili, na ukawa unavuta mijadala hadi usiku wa manane makusudi.

Kuhusu wanawake nitasema kidogo. Mwaka 1945 walichaguliwa 24, mwaka 1951 wakashuka hadi 17. Anayedhani idadi yao ilipanda kila uchaguzi ahesabu tena.

"Makoloni nayo yalikuwa na wabunge wao London"

Hapana. Hakuna kiti hata kimoja cha Bunge la Makabwela kilichowakilisha Afrika Mashariki, na mlowezi wa Nakuru kama mkulima wa Moshi hakuwa na mbunge huko. Wanaosema hivi huchanganya na Ufaransa. Paris ndiko walikokaa Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire na Léopold Sédar Senghor wa Senegal, wabunge kamili wa bunge la chini, na sheria ya mwaka 1946 iliyofuta kazi za kulazimishwa katika makoloni ya Ufaransa inabeba jina la Houphouët-Boigny. Visiwa vya Komoro vilimpeleka Said Mohamed Cheikh. Jirani zetu hao wa baharini walikuwa na sauti bungeni huko Ulaya wakati Zanzibar haina.

Huku kwetu mambo yalipita kwa njia ya maswali. Mbunge wa Labour kama Fenner Brockway aliweza kusimama na kumtaka waziri wa makoloni aeleze jambo, na alifanya hivyo mara nyingi. Yeye na mwenzake Leslie Hale walifika Kenya mwaka 1952, hali ya hatari ikiwa ndiyo kwanza imetangazwa.

Mradi wa karanga wa Kongwa unaonyesha uhaba wa njia hiyo. Husemwa ulikuwa balaa la gavana wa Tanganyika. Ulikuwa wa wizara ya chakula ya London, chini ya John Strachey, kwa sababu Waingereza walikosa mafuta ya kupikia. Ulipangwa kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikafanyika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, mvua zikagoma, matrekta chakavu yakafa. Conservative walimbana Strachey bungeni, wingi wa Labour ukamkinga. Januari 1951 mradi ulifungwa na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Mjadala wote ulihusu fedha ya mlipa kodi wa Uingereza. Wagogo waliofyekewa ardhi hawakuwa na mtu wa kumpigia kura.

"Labour walitutetea, Conservative walitukandamiza"

Ingekuwa rahisi hivyo, usiku wa Hola usingeeleweka.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa rasmi ya kwanza ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaivunja. Upande wa Labour Barbara Castle, ambaye mwaka 1955 alikwenda Kenya mwenyewe kuchunguza kifo cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi, alikuwa miongoni mwa wabunge waliolishikilia suala hili.

Lakini hotuba inayokumbukwa ilitoka benchi la serikali. Yapata saa saba usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, Enoch Powell wa Conservative alisimama. Mbunge mmoja wa chama chake alikuwa amewaita waliokufa kwa neno lenye maana ya viumbe wasiofikia utu. Powell aliliita fundisho la kutisha. Akasema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Afrika na kingine cha nyumbani, na kwamba wajibu lazima upande hadi juu kabisa. Ni Powell huyuhuyu ambaye mwaka 1968 alitoa hotuba ya kuwashambulia wahamiaji. Wanaomtukuza na wanaomlaani wote hupenda kusoma nusu moja tu.

Wengine huamini hotuba ile iliiangusha serikali au waziri wa makoloni. Mjadala wa usiku ule uliisha bila kura yoyote juu ya Hola. Waziri huyo, Alan Lennox-Boyd, alitaka kujiuzulu, waziri mkuu Macmillan akamzuia. Oktoba 1959 Conservative walishinda tena, kwa wingi mkubwa kuliko kabla. Waziri mpya, Iain Macleod, ndiye aliyekuja kusema baadaye kwamba Hola ilimwonyesha kwamba njia za zamani za kuitawala Afrika zimekwisha. Januari 1960 aliwaita viongozi wa Kenya kwenye mkutano wa katiba Lancaster House, London.