Mji wa tatu kwa ukubwa ni upi? Kwanza niambie mstari umeuchora wapi

Wiki hii nimeletewa tena swali la mji upi ni mkubwa kuliko upi. Safari hii mletaji alikuwa na orodha kwenye simu: miji kumi ya nchi moja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na mji mmoja umeshuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya tano ndani ya mwaka mmoja. "Watu wanakimbia kule, eti?" Hakuna aliyekimbia. Nikafungua jedwali la sensa lililotumika na kukuta ni lile lile la orodha ya mwaka jana. Aliyeandaa orodha mpya alinakili safu ya halmashauri badala ya safu ya eneo lililojengeka. Basi, habari imeisha. Maelfu ya watu wamehamishwa na kidole kilichoteleza kwenye kompyuta.

Kazi yangu ni kuoanisha takwimu za sensa na ramani, na nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba hasira ya swali hili ilishageuka kicheko. Leo imerudi kuwa hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Imani yenyewe ni hii: kwamba mji una ukingo wake wa asili, kama ziwa, na mtakwimu anachofanya ni kuhesabu waliomo ndani. Hata ziwa hupanda na kushuka, lakini angalau halimwandikii waziri barua kuomba lipandishwe hadhi. Mji una mistari, na mistari hiyo imechorwa na watu wenye haja zao: kodi, kura, mabomba ya maji, fahari ya kuitwa jiji. Ukiwa na mistari mitatu una idadi tatu, na zote zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Chukua Dar es Salaam. Sensa ya 2022 iliupa mkoa watu 5,383,728, na hiyo ndiyo namba inayoandikwa kila mahali kama idadi ya watu wa jiji. Lakini Februari 2021 iliyokuwa Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Mtu akishikilia maandishi ya serikali, jiji lina watu 1,649,912, na Temeke yenye 1,346,674 ni manispaa jirani tu, sawa na Ubungo, Kinondoni na Kigamboni. Nenda Mwananyamala ukawaambie hawaishi Dar, uone utakavyojibiwa. Hapo kila mtu anakubali kwamba mstari wa mkoa unafaa kuliko mstari wa jiji. Ila angalieni nilichokifanya: nimechagua. Sensa haikuniambia nichague.

Na mstari wa mkoa nao una matatizo yake. Kati ya 2012 na 2022 mkoa huo ulitoka watu 4,364,541 hadi hao 5,383,728, ongezeko la kama asilimia 2.1 kwa mwaka. Nimesikia watu wazima wakisema jiji limepoa. Hebu tazama mkoa wa jirani, Pwani: 1,098,668 mwaka 2012, 2,024,947 mwaka 2022. Nyumba zimeuvuka mpaka zikiifuata barabara, na namba zimezifuata nyumba. Si ongezeko lote la Pwani ni la jiji lililomwagika, na ni sehemu gani hasa ndilo swali ambalo majedwali ya mkoa hayawezi kulijibu, hata ukiyakodolea macho usiku kucha.

London ndiyo inayochekesha zaidi. City of London, ile ya kisheria na ya kale, ilikuwa na wakazi wasiofika 9,000 katika sensa ya 2021. London tunayoimaanisha sote ilikuwa na milioni 8.8. Hakuna anayekosea hapo kwa sababu London tunaijua. Tunaumia kwenye nchi tusizozijua, tunapochukua safu ya kwanza iliyoandikwa "jiji" na kuondoka nayo.

Upande wa pili wa kosa ni Chongqing, China. Kila baada ya muda mtu huigundua upya na kutangaza kwamba ndilo jiji kubwa kuliko yote duniani, watu milioni 32. Namba ni ya kweli, ni ya sensa ya 2020. Lakini "jiji" hilo lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 82,000, karibu sawa na nchi nzima ya Austria, na ndani yake mna milima, mashamba na miji mingine kamili. Ni jiji lililopewa hadhi ya mkoa mwaka 1997. Ukiihesabu Chongqing hivyo, basi na Vienna uipe Austria yote.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa. Ukichagua mstari nisioupenda, hilo halinisumbui, mradi uuseme. Kosa ni kuchanganya mistari ndani ya orodha moja. Niliwahi kupewa rasimu ya ripoti nikague, sitasema ya nani, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na orodha ya miji mikubwa. Mji wa kwanza ulipewa idadi ya mkoa. Wa pili ulipewa idadi ya manispaa. Wa tatu ulipewa makadirio ya miaka mitano mbele, bila neno "makadirio". Ni sawa na kupima urefu wa wanafunzi, mmoja amevaa viatu, mwingine yuko peku, wa tatu kasimama juu ya dawati, halafu unatoa zawadi kwa mrefu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba namba zote zina vyanzo. Ni kweli, zilikuwa na vyanzo. Vitatu.

Wengi wanaishia hapo: tumieni aina moja ya mpaka, mambo yatanyooka. Hayatanyooka. Kwenye sensa ya Marekani ya 2020, Jacksonville ilikuwa na watu 949,611 na Miami 442,241, kwa hiyo ukipanga miji ya Florida kwa mipaka ya halmashauri, Jacksonville ni ya kwanza na Miami haiifikii hata nusu. Umechanganya? Hapana, aina ya mpaka ni moja, sensa ni moja, siku ni moja. Ila Jacksonville iliunganishwa na kaunti yake mwaka 1968 na sasa ina eneo kubwa zaidi ya mara ishirini ya eneo la Miami. Eneo lote la jiji la Miami, pamoja na vitongoji vyenye halmashauri zao, lina watu zaidi ya milioni sita. Unafiki wa orodha hiyo ni wa ndani kabisa: neno moja kwenye kichwa cha safu, vitu viwili chini yake. Na haina pa kuonyeshea kosa, kwa sababu kila namba, ukiikagua peke yake, ni safi.

Kuna walioamua kuachana na halmashauri na kufuata majengo. Ufaransa hupima kwa umbali: nyumba zikifuatana bila pengo la zaidi ya mita 200, na watu wakafika 2,000, hilo ni eneo moja la mjini, liwe na halmashauri moja au mia. Ndiyo maana Paris ya kiutawala ina watu milioni 2 na kidogo, na Paris ya majengo ina zaidi ya milioni 10. Wengine hufuata safari za kwenda kazini: kama sehemu kubwa ya watu wa mji mdogo hulala pale na kufanya kazi mji mkubwa, wahesabiwe na mkubwa. Njia hii naipenda, lakini inahitaji takwimu za safari za kila siku, na nchi nyingi hazina.

Njia za majengo nazo zina vituko. Aprili 2023 vyombo vya habari vya Australia vilitangaza kwamba Melbourne imeipita Sydney. Hakuna msafara wa magari ya mizigo uliopita usiku. Ofisi ya takwimu ilikuwa imeiingiza Melton, mji wa pembeni, ndani ya eneo la mjini la Melbourne kwa sababu nyumba zilishaungana, na ghafla Melbourne ikawa mbele kwa watu 18,700, kwa hesabu ya Juni 2021. Kwa mpaka mwingine wa ofisi hiyo hiyo, ule wa majiji makuu na viunga vyake, Sydney ilikuwa bado inaongoza.

Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikubali njia ya pamoja ya kulinganisha nchi: unaigawa dunia miraba ya kilomita moja, miraba inayogusana yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja unaiunganisha, na jumla ikifika 50,000 hilo unaliita jiji. Mipaka ya kiutawala inawekwa pembeni. Matokeo yake yalionekana kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Novemba 2025. Toleo la 2018 lilikuwa limeiweka Tokyo kileleni kwa milioni 37, na Jakarta ilikuwa na kama milioni 10 na nusu tu. Toleo jipya likaipa Jakarta karibu milioni 42, Dhaka karibu milioni 37, Tokyo milioni 33 nafasi ya tatu. Wale wale wa "watu wanakimbia" wakanipigia kuuliza Jakarta imezaa nini. Jakarta ilikuwepo. Mstari wa zamani ndio uliokuwa unaikata katikati ya nyumba.

Mimi naitumia njia ya miraba na ningewashauri wengine waitumie. Lakini nikiwa mkweli, usingizi wangu hauwi mzito. Mara nyingi miraba haihesabiwi na karani yeyote. Idadi ya watu ndani yake inapatikana kwa kuchukua jumla ya sensa ya eneo kubwa zaidi na kuimwaga juu ya majengo yanayoonekana kwenye picha za satelaiti. Ghala na ghorofa la kupanga, ukiyatazama kutoka angani, ni paa na paa. Sensa ikiwa mbovu, miraba inaurithi ubovu huo na kuupaka rangi nzuri ya ramani. Na hiyo 1,500, kwa nini si 1,400? Zipo hoja, nimezisoma, baadhi zina nguvu, lakini ni namba ya duara iliyokubaliwa mezani. Nimewahi kuisogeza kidogo tu kwenye kompyuta yangu, miji miwili ikaungana kupitia mraba mmoja wa katikati, na nafasi ya sita yote ikapotea. Niliirudisha kimya kimya.

Halafu kuna sensa zenyewe. Kwa miaka Kibera ya Nairobi iliandikwa kuwa na watu milioni moja au zaidi, mmoja akinakili kwa mwenzake. Sensa ya Kenya ya 2009 ikahesabu 170,070. Unaweza kubisha kwamba karani hakufika kila chumba, na mipaka ya Kibera yenyewe inabishaniwa, lakini kati ya laki moja na sabini elfu na milioni kuna pengo ambalo makarani wazembe peke yao hawawezi kulifukia. Nigeria inayobishaniwa ni sensa yenyewe: ile ya 2006 iliipa Jimbo la Kano watu zaidi ya milioni 9.4 na Lagos milioni 9.1, na serikali ya Lagos ikatoa hesabu yake ya milioni 17.5. Tangu hapo hakujafanyika sensa nyingine nchini humo. Kila orodha ya miji ya Nigeria unayoiona leo ni makadirio yanayotokana na mwaka huo, au na satelaiti, au na mtu aliyechoka kutafuta.

Jambo la usiku wa sensa nalipita haraka: nchi nyingine huhesabu waliolala pale usiku huo, nyingine huhesabu wakazi wa kawaida, na mji wenye chuo kikuu unaweza kupoteza au kupata nafasi kulingana na tarehe ya likizo. Linaeleweka.

Kinachonishinda hadi leo ni miji ya katikati. Wa kwanza kwa kawaida hauna ubishi, wa pili mara nyingi hauna. Kuanzia wa nne kwenda chini, tofauti kati ya mji na mji huwa ndogo kuliko kosa la mstari wenyewe, na kila ninachokiweka pale kinategemea uamuzi ambao kesho ningeweza kuufanya vingine. Mara ya mwisho nilipotakiwa kutoa orodha, nafasi ya nne hadi ya saba niliziweka pamoja, nikaipanga miji hiyo minne kwa alfabeti, nikaandika chini kwamba haitofautiani. Mhariri aliirudisha na swali moja: wa nne ni upi? Nikamjibu ni ule unaoanza na B. Akauchapisha.