Rangi Iangalie Mwisho: Namna ya Kumtambua Ndege Aliyetua Bustanini Kwako

Karibu kila wiki napata meseji ya aina moja, mtu kaona ndege bustanini kwake asubuhi, kafurahi, kaniandikia hapohapo: "mtaalam, ni ndege mdogo hivi, ana ukijani kwa mbali, ni nani huyo?" Hiyo furaha naielewa kabisa maana ndiyo iliyoniingiza mimi kwenye hii kazi, lakini kwa maelezo hayo sina cha kumjibu, duniani kuna aina kama 11,000 za ndege na wadogo wenye ukijani kwa mbali ni wengi mno. Namuuliza mdomo ulikuwaje, hakuuangalia. Mkia mrefu au mfupi, anautikisa au ametulia nao? Hajui. Alikuwa anafanya nini? "Amekaa tu." Macho yote yaliishia kwenye rangi.

Na rangi ndiyo inayodanganya kuliko kitu chochote. Chukua bluu kwa mfano: unyoya wa bluu hauna wino wa bluu ndani yake, ile bluu inatokana na vijitundu vidogo sana vya hewa kwenye unyoya wenyewe vinavyotawanya mwanga, ukiusaga ule unyoya bluu inapotea kabisa unabaki na unga wa kahawia. Kwa hiyo ndege huyohuyo akiwa kivulini utasema ni wa kijivu, akisogea juani anawaka. Nyekundu na njano nyingi ni habari nyingine, hizo ni rangi za kweli zinazotoka kwenye chakula, na ndege akila vibaya zinapauka.

Chozi, yule ndege mdogo anayekunywa maji matamu ya maua, ndiye mwalimu mzuri wa hili. Nilikuwa nimekaa chini ya mti wenye maua, mgongo nimelipa jua, akaja ndege mweusi tii, mdogo kuliko shomoro, mdomo mrefu umepinda chini kama sindano iliyopinda kidogo. Akang'ang'ania kijiti, akachomeka mdomo ndani ya ua, nikaandika "mweusi". Alivyogeuza shingo tu kwenda ua la pili, kichwa chote kikawa kijani cha kumetameta, koo likawa na zambarau, sekunde mbili hivi, akageuka tena akawa mweusi. Mtu aliyemuangalia kwa rangi peke yake angeandika ndege wawili, ila aliyeangalia mdomo na lile tendo la kuchomeka ndani ya ua ameshajua hapa tuko kwa machozi, kilichobaki ni kujua ni chozi yupi.

Hapohapo niliweke sawa jambo moja maana naliona kila siku: chozi si kolibri. Kolibri wanaishi mabara ya Amerika tu, na wao hunywa wakiwa hewani wanapiga mbawa palepale kama nyuki, wakati chozi mara nyingi anatafuta pa kushika na miguu ndiyo anywe. Wanafanana kwa sababu wanafanya kazi moja, undugu wa karibu hawana.

Sasa tuangalie nini kwanza? Mimi naanza na ukubwa, na sio kwa sentimita, hakuna anayeweza kukadiria sentimita za ndege aliye juu ya tawi. Namlinganisha na ndege ninaowajua kama kiganja changu: ni mdogo kuliko shomoro, yuko sawa na shomoro, yuko kati ya shomoro na njiwa, au anakaribia kunguru? Shomoro wa majumbani yuko kila bara isipokuwa Antaktiki, na njiwa wa mijini hali kadhalika, ndio maana ni kipimo kizuri popote ulipo. Ila shomoro usimuangalie mara moja ukamwacha, mjue hasa. Dume ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni, jike hana hayo yote, ni kahawia tupu na mstari mweupe-mweupe unaotoka nyuma ya jicho, na makinda wanafanana na mama yao. Watu wengi sana wameniletea picha ya shomoro jike wakidhani ni ndege mpya kabisa!

Halafu mdomo. Ukiniruhusu niulize swali moja tu kuhusu ndege wako nitauliza mdomo, maana mdomo unakwambia anakula nini, na ukijua anakula nini umeshapunguza orodha kwa sehemu kubwa. Mdomo mfupi mnene kama koni ni wa kuvunja mbegu. Mwembamba wenye ncha ni wa kudokoa wadudu kwenye majani. Mpana uliolala bapa, wenye vinywele pembeni, huyo anakamata wadudu hewani na utamuona anatoka kwenye tawi, anazunguka, anarudi kwenye tawi lilelile. Uliopinda ncha kama ndoano ni wa kuchana nyama, na usishangae ukiukuta kwa ndege mdogo asiye mwewe wala tai, mbwigu wanao.

Tabia nayo isikupite. Kigogota anapanda shina wima, anajiegemeza na mkia wake mgumu kama mguu wa tatu, na akiruka anaenda kwa mawimbi, anapiga mbawa anapanda, anazifunga anashuka. Kuna wanaotembea hatua kwa hatua chini na wengine wanarukaruka miguu yote miwili pamoja, jambo dogo hilo, lakini njiwa hatarukaruka na shomoro mara nyingi ndivyo anavyokwenda.

Na wale wanaopita juu ya bustani jioni wakikamata wadudu, watu huwaita wote mbayuwayu, kumbe mara nyingi wamo ndege wawili tofauti kabisa. Mbayuwayu mwenyewe anatua kwenye waya, mbawa zake anazikunja vizuri, anaruka kwa kukatakata kona. Mwingine ni teleka, mbawa nyembamba ndefu kama mundu, miguu mifupi mno, hakai kwenye waya hata siku moja, anajibandika ukutani au kwenye mwamba. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionesha kuwa baadhi ya teleka wa Ulaya wanakaa hewani miezi kumi bila kutua! Na kwa undugu teleka yuko karibu na kolibri kuliko mbayuwayu. Kwa hiyo ukimuona ametulia kwenye waya, teleka umeshamfuta.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Darubini ya mkono iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa, 8 ni mara inavyokuza na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, hizo za 12 na kuendelea mkono ukitetemeka kidogo ndege anacheza mbele yako huoni kitu. Ila kuna kosa moja la kila anayeanza: anaona ndege, anainamisha macho kutafuta darubini, akiinua ndege hayupo. Usiondoe macho kwa ndege! Mkazie macho, ilete darubini mpaka iingie kati ya macho yako na yeye. Fanya mazoezi kwa jani lolote mara ishirini, utaona tofauti.

Sauti inahitaji subira zaidi. Wimbo ni ule mrefu, mara nyingi wa dume anayetangaza eneo lake alfajiri, na mlio ni ule mfupi wa kuitana au kuonyana. Milio ya kuonyana ndiyo naipenda mno, maana inakuonesha vitu ambavyo usingeviona. Mwewe akipita juu, ndege wadogo wengi wanatoa kisauti chembamba cha juu, "siiii", kinachoanza taratibu na kuisha taratibu ili isijulikane kinatoka wapi. Lakini wakimkuta bundi amelala kwenye mti wanafanya kinyume, wanamzunguka wanapiga makelele makali ya kukatakata kila mtu asikie. Ukisikia zogo la namna hiyo mchana bustanini, nenda taratibu uangalie katikati yao, ama ni bundi, ama ni nyoka, ama ni paka.

Programu za simu nazitumia, Merlin ya Cornell Lab of Ornithology, kituo cha utafiti wa ndege cha Marekani, tangu 2021 inaweza kusikiliza sauti na kukupa jina, inasaidia sana. Ila jina lake lichukue kama pendekezo, kamtafute ndege kwa macho, kwa sababu kuna ndege wanaoiga sauti za wengine na simu inadanganyika. Na kabla hujafungua simu andika kwanza ulichoona, maana ukishaona picha ya kwenye simu kumbukumbu yako inaanza kufanana nayo.

Mimi daftari langu lina mistari kama huu: "saa 12:40 asubuhi, mdogo kuliko shomoro, mdomo mwembamba, mstari mweupe juu ya jicho, mkia anaushusha-shusha, yuko chini kwenye kichaka, hajaimba." Sikuweka jina, niliweka alama ya kuuliza. Baada ya wiki tatu kwenye kichaka kilekile akaimba kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa pale, nikarudi kwenye ule ukurasa nikaijaza nafasi kwa wino wa rangi nyingine.