Wingi wa spika sio unaoleta shangwe

Waandaaji wengi wa maonyesho ya muziki, Mtwara na kwingineko, wameamini kwa miaka mingi kwamba ukiongeza spika umeongeza shangwe. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa besi nzito husikika hadi kifuani, lakini inasahau kwamba watu huchangamshwa zaidi na kusikiana.

Anayeifahamu sindimba, ngoma ya asili ya Wamakonde, atalielewa jambo hili upesi. Ngozi za ngoma huota moto kwanza ili zikaze na kulia vizuri, kisha watu hujipanga bega kwa bega, mmoja akiongoza wimbo na wengine wakiitikia kwa makofi na vigelegele. Kipaza sauti hakipo, na vumbi linatimka.

Katika uwanja wa wazi, sauti ya spika moja hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Fundi mitambo anapoipandisha ili walio nyuma wasikie, walio mbele hawasikii hata makofi yao wenyewe, na hapo uitikiaji hufa. Fundi makini (nao si wengi) huushusha muziki mara tu msanii anapoielekezea hadhira kipaza sauti. Kwa maoni yangu, kuwasogeza watu karibu na jukwaa kuna faida kuliko kukodi spika zaidi, tena Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022, ili kulinda masikio, kwamba wastani wa sauti kumbini na kwenye matamasha, ukipimwa kwa dakika 15, usizidi desibeli 100.