Jeli ya forosadi: mfuko haukamuliwi

Mtu aliyekulia Tanga, mkono wake umefunzwa kukamua tangu utotoni. Nazi ikishakunwa hutiwa maji, huingizwa kwenye kifumbu, na kifumbu husokotwa hadi tone la mwisho la tui litoke. Ukiacha tui ndani ya machicha, mama yangu atakwambia unamwaga mali. Mkono huo ndio ulioharibu jeli ya kwanza niliyoipeleka kwenye maonyesho ya kaunti hapa Iowa, Marekani. Nilikuwa nimekwisha kusomea sayansi ya chakula pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kazi yangu ilikuwa usindikaji wa matunda. Pektini, asidi, sukari, vyote nilivijua. Lakini mfuko wa kuchujia uliponing'inia mbele yangu ukiwa bado mzito, niliushika nikaukamua, kwa sababu kwetu ndivyo mfuko unavyofanywa.

Jaji aliandika neno moja tu kwenye kikaratasi changu: ukungu, yaani jeli haikuwa angavu. Nikapewa utepe mweupe, ambao ni daraja la tatu.

Tangu hapo nimepika jeli kila kiangazi, na nimewafundisha akina mama kadhaa waliokuja Iowa kutoka Kongo na Burundi. Wote hufika na swali la sukari ngapi na moto kiasi gani. Mimi huwaambia kwamba jeli ya mashindano huamuliwa usiku wa kuchuja, kabla sukari haijaingia sufuriani.

Tunda lenyewe kwanza. Waliofika Lushoto wanaijua forosadi: mtoto anarudi nyumbani na midomo ya zambarau, na hata akikataa kwamba alipanda mti, vidole vinamshitaki. Hapa Iowa mforosadi huota wenyewe kwenye ua, kando ya reli, nyuma ya gereji. Mforosadi mweupe uliletwa Marekani kutoka Asia kwa ajili ya kufuga viwavi vya hariri. Biashara ya hariri haikushika, ndege wakala matunda wakasambaza mbegu, na miti ikaenea. Licha ya jina lake, matunda yake mara nyingi ni meusi ya zambarau. Wenyeji wengi wanauhesabu kuwa gugu kwa sababu tunda likianguka linatia doa gari na njia. Mimi hubisha hodi, naomba ruhusa, nauliza kama mti umepuliziwa dawa, kisha natandika shuka kuukuu chini na kutikisa tawi. Sijawahi kunyimwa. Forosadi huiva Juni, na maonyesho ya kaunti yetu huwa Julai, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuahirisha.

Kwa wasioyajua maonyesho haya: kwetu tuna Nane Nane, ambako mkulima au taasisi hupanga bidhaa bandani na wageni wakapita. Huku chupa yenyewe ndiyo inayoshindana. Iowa ina kaunti 99, nyingi zina maonyesho yake, na Agosti yanakuja yale ya jimbo zima, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1854 katika mji wa Fairfield. Mkazi yeyote anaweza kuingiza chupa ya jeli, mkate, nyanya za kusindika, kitambaa alichofuma. Zawadi ni dola chache, na sijakutana na mtu aliyeingia kwa ajili ya hizo dola. Katika maonyesho mengi ya kaunti kila chupa hupimwa kwa kigezo, haishindanishwi na ya jirani: iliyotimiza kigezo hupata utepe wa bluu, iliyopungukiwa kidogo hupata mwekundu, iliyopungukiwa zaidi hupata mweupe. Chupa kumi zikitimiza, zote kumi zinapata bluu. Mfumo huu naupenda sana, maana unamfundisha mpishi badala ya kumfukuza.

Jamu ina vipande vya tunda ndani yake. Jeli ni maji ya tunda peke yake, yaliyochujwa, yakapikwa na sukari hadi yakaganda. Kinachogandisha ni pektini, ile gundi ya asili inayoshikilia ukuta wa tunda. Ikikutana na asidi ya kutosha na sukari nyingi, nyuzi zake hushikana na kuyafunga maji katikati kama samaki wavuni. Kimoja kikikosekana, una sharubati. Forosadi mbivu ni tamu, lakini asidi yake ni ndogo na pektini yake ni haba. Kwa hiyo robo ya matunda yangu huwa yale mekundu ambayo hayajaiva sawasawa, kwa kuwa tunda changa lina pektini na uchachu zaidi. Kisha naongeza maji ya tufaha changa za kijani, zile zinazojiangukia chini ya mti mwezi Juni: kikombe 1 kwa kila vikombe 3 vya maji ya forosadi. Na limau, kijiko 1 kikubwa kwa kila kikombe. Ukiwa Tanga au Muheza na una mapera yasiyoiva sana, huna haja ya tufaha, kwa sababu pera lina pektini ya kujitosheleza.

Ukitaka kuipima pektini kabla ya kupoteza sukari, chukua kijiko kidogo cha maji ya tunda yaliyopikwa na kupoa, changanya na kijiko kikubwa cha spiriti, tikisa taratibu. Likitokea donge moja unaloweza kuliinua kwa uma, pektini inatosha. Vikitokea vipande vidogo vilivyotawanyika, ongeza tufaha. Mwaga mchanganyiko huo mara moja, usiuonje kabisa, na usiuache mtoto akauona.

Sasa mfuko. Ponda matunda, tia maji kidogo tu ya kuzuia yasiungue, yachemke taratibu kama dakika 10 hadi yalegee. Vikonyo vidogo vya forosadi usihangaike navyo, vitabaki kwenye kitambaa. Lowesha melimeli na uikamue kwanza, ili isinywe maji ya tunda, ikunje mara nne, mimina humo, funga, tundika juu ya bakuli. Mimi hutundika kwenye kitasa cha kabati la jikoni baada ya isha. Nusu saa ya kwanza maji hutiririka. Halafu yanakuwa matone, na kati ya tone na tone unaweza kuhesabu tatu, baadaye kumi. Hapo ndipo mkono unapowasha. Mfuko umevimba, una uzito wa mtoto mchanga, na unajua kabisa kwamba mle ndani bado mna kikombe kizima.

Ukiukamua, unachosukuma nje si maji peke yake. Unasukuma chembe za nyama ya tunda, ndogo kiasi kwamba zinapita katikati ya nyuzi za kitambaa. Chembe hizo hazitazama. Jeli ikiganda zinanaswa humo humo zilipo, na mwanga ukipita kwenye chupa unagonga chembe na kutawanyika. Jicho linaona ukungu. Hakuna moto wala sukari itakayousafisha tena. Kwa hiyo uache mfuko hadi alfajiri. Asubuhi weka bakuli kwenye friji saa chache, kisha chota maji ya juu kwa upawa na uache mashapo yaliyotuama. Kutoka kilo 2 za forosadi sitegemei zaidi ya vikombe 4.

Kupika ni kwa haraka, na kiasi kiwe kidogo. Usiongeze mara mbili ili umalize kazi kwa siku moja, maana sufuria kubwa huchelewa kufika na moto wa muda mrefu huivunja pektini. Tia sukari kikombe kasoro robo kwa kila kikombe cha maji, acha moto mkali. Jeli hukamilika inapopita kiwango cha kuchemka kwa maji kwa nyuzi 4 na nusu hivi. Ukiwa pwani ni kama nyuzi 104 na nusu za Selsiasi. Ukiwa Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo jeli huwa tayari kwenye nyuzi 100, joto ambalo Tanga maji ndiyo kwanza yanachemka. Ndiyo maana kila siku ya kupika huanza kwa kupima maji matupu kwanza. Kama huna kipimajoto, chovya kijiko cha chuma kilichopoa, kiinue mbali na mvuke, kiinamishe. Mwanzo matone huanguka moja moja. Kisha mawili yanakaribiana ukingoni, yanaungana, yanateleza kwa pamoja kama ncha ya shela. Ondoa moto hapo hapo, engua povu, mimina.

Chupa ziwe za kioo cheupe, zimechemshwa dakika 10, bado za moto. Mimina kwa wepesi, mdomo wa sufuria ukiwa karibu na mdomo wa chupa ili hewa isiingie, acha nafasi ya milimita 6 juu. Futa mdomo, weka kifuniko, zungusha pete ya kukikazia, zamisha kwenye maji yanayochemka dakika 5 ukiwa chini ya mita 300, dakika 10 ukiwa juu ya hapo hadi mita 1,800. Bibi wengi wa huku walizoea kufunika jeli kwa nta iliyoyeyushwa. Siku hizi haishauriwi, kwa sababu nta hupasuka na kuvu hupenya, na chupa ya namna hiyo maonyesho mengi hayaipokei. Baada ya kupoa zihifadhi gizani, maana mwanga unachujua rangi.

Mwaka wa pili nilikaa kwenye benchi la mbele kumtazama jaji akifanya kazi. Aliinua chupa yangu dirishani, akaizungusha polepole. Akafungua pete, akapitisha kidole chini yake kutafuta kutu na utelezi. Akasoma lebo: jina la tunda, njia ya kusindika, dakika, tarehe. Kisha akaipindua jeli kwenye sahani nyeupe. Ilisimama na umbo la chupa, ikatetemeka, ikatulia. Akaikata kwa kijiko, na pale palipokatwa pakabaki na kona kali, hapakulegea wala kutoa maji. Akaonja mwishoni kabisa. Alisema ladha ya tunda imetangulia sukari, akaweka utepe wa bluu.

Jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshinda?"

Nikamwelezea mfuko uliotundikwa usiku kucha bila kuguswa. Akanyamaza kidogo.

"Na machicha yake umeyafanyaje?"

Nilikuwa nimeyatupa. Hakunigombeza, alisema tu, "Mwakani usitupe," na mwaka uliofuata nilifanya alivyosema. Mfuko ukishaacha kutona asubuhi, na maji ya jeli yameshafunikwa kwenye friji, naushusha na kuukamua kwa nguvu zangu zote juu ya bakuli jingine. Machicha nayapitisha kwenye chekecheke, nayachanganya na maji hayo mazito, natia sukari nusu ya ujazo, limau, na iliki mbili zilizopondwa, napika kwa moto mdogo nikikoroga hadi mwiko uache njia chini ya sufuria. Inakaa kwenye friji wiki tatu. Haipelekwi kwenye maonyesho yoyote, na ndiyo wanangu wanayoipaka kwenye mkate.