Timbuktu ipi? Miji na kazi za sanaa zenye jina moja

Ukiandika "Timbuktu" kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba kubwa, utaletewa vitu visivyo na undugu. Kuna mji wenyewe, kaskazini mwa Mali, ukingoni mwa Sahara. Kuna filamu ya Abderrahmane Sissako ya mwaka 2014, na kuna riwaya ya Paul Auster ya mwaka 1999. Mimi ni mkutubi wa upande wa katalogi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhakikisha kwamba anayetafuta kimojawapo hapotezwi na vingine viwili.

Wengi hudhani jambo limekwisha ukishaweka mabano: Timbuktu (mji), Timbuktu (filamu), Timbuktu (riwaya). Mabano yana faida, nami huyatumia kila siku. Lakini yanachosema ni kwamba vitu hivi ni tofauti, basi. Hayasemi vinahusianaje, na kwenye uhusiano ndiko makosa mazito hufanyika.

Chukua hiyo riwaya. Mhusika wake mkuu ni mbwa, Mr. Bones, anayeandamana na bwana wake Willy, mshairi mgonjwa asiye na makazi, hadi Baltimore nchini Marekani. Timbuktu kwao ni jina la huko watu waendako wakishakufa. Mali yenyewe haimo katika kisa. Sasa mkutubi mwenye haraka akitazama jalada tu, akaandika "Mali" kwenye sehemu ya mada, mwanafunzi anayekusanya fasihi inayohusu Mali ataagiza kitabu hicho, atakisubiri, kisha atafungua kurasa na kukuta safari za mbwa wa Marekani. Kosa hilo halikai mahali pamoja, kwa kuwa maktaba hunakiliana rekodi. Likishatoka limetoka, na kulifuta kila lilikofika ni kazi isiyoisha.

Filamu ya Sissako ni kinyume chake. Hiyo inauhusu mji wa Timbuktu kwelikweli: inasimulia maisha ya wakazi chini ya makundi yenye silaha yaliyouteka mwaka 2012. Ila kwa sababu za usalama sehemu kubwa ilipigwa picha Oualata, mji wa kale nchini Mauritania. Mtafiti wa majengo anayetaka kuona kuta za udongo za Timbuktu anapaswa kujua hilo kabla hajaanza kuchukua picha za filamu kama ushahidi.

Ndiyo maana kila kazi yenye jina la mahali inaponifikia, huuliza mambo matatu: jina limetoka wapi, kisa kinatokea wapi, na kazi yenyewe ilitengenezwa wapi. Kila jibu lina nafasi yake kwenye rekodi, na hayafai kuchanganywa hata pale yanapofanana. Mara nyingi hayafanani. Filamu ya Fargo ya ndugu Coen, ya mwaka 1996, imepewa jina la mji wa North Dakota, lakini Fargo yenyewe huonekana mwanzoni tu, watu wanapokutana baa kupanga uhalifu. Baada ya hapo kisa karibu chote kiko jimbo la jirani, Minnesota.

Casablanca, jina la mji wa Moroko na la filamu, ndiyo inayonipa kazi zaidi. Filamu ya Michael Curtiz ilipigwa karibu yote ndani ya studio za Warner Bros. huko Burbank, California. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Novemba 1942, mwezi uleule majeshi ya Washirika yalipotua Moroko. Januari 1943 ikasambazwa kwenye majumba mengi ya sinema, na mwezi huohuo viongozi wa Marekani na Uingereza, Roosevelt na Churchill, wakakutana mjini Casablanca kupanga vita. Kwa hiyo anayepekua magazeti ya kipindi hicho hukutana na neno moja likibeba mji, filamu na mkutano, pengine ndani ya toleo moja la gazeti. Kutafuta kwa mwaka hakumsaidii, kwa sababu mwaka ni uleule. Kinachomsaidia ni mtu aliyekwisha kukaa na kuandika kila habari inahusu Casablanca ipi. Kisha mwaka 2004 ukafunguliwa mjini humo mgahawa uitwao Rick's Café, kwa kuiga ule wa kwenye filamu. Mji uliikopesha filamu jina, na filamu ikaurudishia mji mahali ambapo hapakuwepo.

Jina likihama kutoka mahali kwenda kwenye kazi, wengi wetu tunalitarajia. Safari ya kurudi ndiyo husahaulika, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Katika pwani ya Devon, Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Westward Ho!, pamoja na alama yake ya mshangao. Wafuatilie waliolibeba jina hilo. Lilianza kama mwito wa wapiga makasia wa mto Thames waliokuwa wakitafuta abiria wa kuelekea magharibi. Dekker na Webster wakalifanya jina la tamthilia mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1855 Charles Kingsley akalitumia kwa riwaya yake ya mabaharia wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambayo sehemu yake inatokea Bideford, karibu na ufuko huo. Riwaya ikapendwa sana, na katika miaka ya 1860 wawekezaji wakajenga hoteli hapo ili kuvuta watalii, wakaipa jina la riwaya. Makazi yaliyokua kuizunguka yakarithi jina.

Mkutubi akiandika kwamba riwaya ya Kingsley imepewa jina la kijiji, ameipindua historia, maana riwaya ilipotoka kijiji hakikuwepo. Hata ile alama ya mshangao ina madhara yake: mifumo mingi ya kompyuta huondoa alama za uandishi kabla ya kutafuta, hivyo kitabu na kijiji hubaki na herufi zilezile.

California nayo ilitoka kitabuni. Mwanzoni mwa karne ya 16 Garci Rodríguez de Montalvo wa Hispania alisimulia juu ya kisiwa cha California, chenye dhahabu tele na kukaliwa na wanawake weusi mashujaa, chini ya malkia Calafia. Wahispania walipoifikia rasi iliyo kaskazini-magharibi mwa Meksiko wakaidhani ni kisiwa, na jina la hadithini likaigandia. Ramani nyingi za karne ya 17 ziliendelea kuichora kama kisiwa.

Tena kuna miji iliyokuwa na majina yake na ikayabadilisha. Hot Springs ya New Mexico ilijiita Truth or Consequences mwaka 1950, kufuata kipindi cha redio. Illiers ya Ufaransa ikawa Illiers-Combray mwaka 1971, ikiongeza jina ambalo Marcel Proust aliupa mji wa kubuni uliotokana nayo. Zhongdian ya China ikaitwa Shangri-La mwaka 2001, jina la bonde la kubuni katika riwaya ya James Hilton ya mwaka 1933. Hapa nina msimamo mkali: jina la zamani lisifutwe. Kila kilichoandikwa kuhusu Zhongdian kabla ya 2001 kipo chini ya jina hilo, na pasipo kiungo kinachomwelekeza msomaji kutoka jina moja hadi jingine, historia ya mji inakatika vipande viwili.

Ubishi wa kudumu miongoni mwetu ni nani aandikwe bila mabano. Wapo wanaosema apewe anayetafutwa zaidi. Mimi nafasi hiyo hupapa mahali, kwa kuwa mahali pana watu, na sioni kwa nini mji wao uhitaji maelezo wakati filamu ya jana haihitaji. Isipokuwa pale kazi ilipotangulia: Utopia ni kitabu cha Thomas More cha mwaka 1516, na mahali paitwapo Utopia, huko Texas na Australia ya Kaskazini, palikuja baadaye sana.

Chini ya haya yote kuna nambari ambazo msomaji hazioni. Kwenye Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni inayokipa kila kitu nambari yake, mji wa Chicago ni Q1297, nao utabaki hivyo hata jina likiandikwa kwa hati za Kiarabu au Kichina. Tamthilia ya muziki Chicago ya 1975, filamu ya jina hilo ya 2002 na bendi ya Chicago kila moja ina nambari yake. Bendi hiyo ilianza kwa jina la Chicago Transit Authority, ikalifupisha baada ya shirika halisi la usafiri wa mji kutishia kuishtaki. Nambari husaidia pia pale jina limejificha kwenye tahajia. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, unabeba jina la Tabuk, mji ulioko kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia. Anayetafuta kwa herufi za "Tabuk" peke yake hataufikia.

Kwa anayeanza kazi hii, ningempa zoezi la Paris, Texas, filamu ya Wim Wenders iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1984. Jina lenyewe limekwisha kujitenga na Paris ya Ufaransa, kwa hiyo mtu huridhika upesi. Lakini Paris ya Texas humo ni picha tu ya kiwanja kitupu anachokimiliki mhusika. Kisa kinakwenda jangwani, Los Angeles na Houston, na hakifiki kwenye mji huo. Jina liandikwe Paris, jimbo la Texas. Mahali pa kisa paandikwe Los Angeles na Houston.